Kabiratere: ile inakunywa na ile inatapika

Siku ya Mungu iliyopita, kisha misa, nilipita kwa fundi wetu wa pikipiki chini ya muembe, hapa Kipushi. Pikipiki yangu haikuwa na ugonjwa. Nilienda kutafuta kivuli na habari tu. Kwa mutu wa sandika, garaje ni biro ya pili: wafanyakazi wote wanapitaka pale, na mutu mwenye kushika mukononi chombo chake chenye kuharibika anasemaka kweli kuliko mu reunio.

Mu besani ya esanse mulikuwa kabiratere mbili. Ya kwanza ilikuwa ya manseba mumoja, wale wenye kubeba watu kati ya hapa na Lubumbashi. Alikuwa analia: «Fundi, mbele litre moja na nusu ilikuwa inanipeleka Lubumbashi na kunirudisha. Sasa hata mbili na nusu haifikishe. Ninatumikia tanki, situmikie watoto.» Ya pili ilikuwa ya motopompi. Mwenye kuileta alikuwa kijana krezere, miaka labda 20, udongo bado mu kucha. Yeye hakulia juu ya bei ya esanse. Aliomba kitu kimoja tu: «Muzee, uiregle vizuri, isitoe tena moshi. Kule chini moshi inatusumbua.»

Kule chini. Ile maneno mbili ilinifanya nivute kiti. Nikamuuliza fundi afungue zile kabiratere mbili polepole, mbele ya wote, na aseme kila kitu kinafanya kazi gani. Alicheka, akasema: «Baba delege, leo unataka kunifanya mwalimu.» Lakini alifungua.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawajue. Esanse yenye maji-maji haiwake. Kile kinachowaka ni mvuke wake, na haiwake kama haina hewa ya kutosha. Kwa hiyo kazi ya kabiratere ni moja: kuvunja esanse ikuwe matone madogo sana kama ukungu, na kuichanganya na hewa kwa kipimo kabla haijaingia mu silindere, pale buji inapiga cheche. Kipimo chenyewe kinajulikana: kilo moja ya esanse inaomba karibu kilo 15 za hewa, wenye hesabu wanasema 14.7. Kwa kilo haionekane kama ni jambo. Lakini hewa ni nyepesi. Ukihesabu kwa litre, litre moja ya esanse hapa kwetu inakula karibu litre 10,000 za hewa. Hiyo ni hewa yote ya chumba chenye metre 2 kwa metre 2, na urefu wa metre 2 na nusu. Ile chupa moja mama anauzisha ku barabara inamaliza chumba kizima. Musomaji ashike ile hesabu, tutairudilia.

Sasa tuangalie ndani. Chini ya kabiratere kuko kikombe, kinaitwa kive. Esanse inatoka ku tanki, inaingia mu kive, na ndani ya kive kuko kitu chepesi chenye kuelea, flotere. Esanse ikipanda, flotere inapanda nayo na inasukuma kasindano kanaitwa puwanto, kanafunga mulango. Esanse ikishuka, flotere inashuka, mulango unafunguka. Ni sawasawa na kile kitanki cha WC: muvute maji, mupira unashuka, maji inaingia, mupira unapanda, maji inasimama. Mutu mwenye kutengeneza WC anaweza kutengeneza kive. Fundi aliposema vile, manseba alicheka mpaka akasahau shida yake.

Juu ya kive njo kuko akili yenyewe. Ni bomba ambamo hewa inapita kuenda ku motere, na katikati ile bomba inapunguka, inakuwa na shingo nyembamba, kisha inapanuka tena. Wafanyakazi wa ku fondi wanajua hii jambo bila kusoma kitabu. Pale galeri iko pana, mupepo wa aeraje unatembea polepole. Pale galeri inapunguka, ule mupepo unakimbia, unataka kukutoa kofia. Hewa ni ile ile, lakini lazima yote ipite mu nafasi ndogo, basi inaongeza mwendo. Na hewa ikiongeza mwendo, nguvu yake ya kusukuma pembeni inapunguka. Muitaliano mumoja, Venturi, aliandika juu ya hiyo mu mwaka 1797, na mpaka leo ile shingo inaitwa kwa jina lake.

Mu ile shingo kuko katundu kanashuka mpaka mu kive. Sasa tuseme vizuri, sababu hapa njo watu wanadanganyikaka. Wanasema: motere inavuta esanse. Hapana. Juu ya esanse ya mu kive kuko hewa ya inje, yenye nguvu yake ya kila siku. Mu shingo kuko hewa yenye kukimbia, nguvu yake imepunguka. Yule wa inje anamushinda yule wa ndani, anasukuma esanse ipande mu katundu, na ikifika mu shingo mupepo unaivunja mu matone. Kama unabisha, chukua mirija mbili ya kunywea. Moja uisimamishe mu glasi ya maji. Ingine uiweke pembeni ya kichwa cha ile ya kwanza, kama msalaba, upulize kwa nguvu. Maji itapanda yenyewe na kuruka kama ukungu. Haukuvuta kitu, ulipuliza tu. Ile pompi ya zamani ya dawa ya mbu ilikuwa inatumika hivyo hivyo.

Mulango ambamo esanse inapitia kupanda ni kagingi ka shaba nyekundu-njano, na tundu yake ni ndogo sana. Wafundi wanaita jiklere. Ni kadogo, mutoto anaweza kukameza, lakini kanatawala gari nzima.

Hii kazi si ya jana. Mu mwaka 1893 Mujerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabiratere yenye kupuliza esanse kwa jiklere, na mwaka ule ule Wahungaria wawili, Donát Bánki na János Csonka, waliandikisha yao. Wenye kuwa na miaka yangu wanakumbuka Peugeot 404 za wazazi wetu: ukifungua kapo, unaona jina la Solex ao Zenith juu ya kabiratere.

Kuko tena jambo moja la kushangaza. Dereva anazania akikanyaga akselerateri anafungua esanse. Si kweli. Mu gari ya kabiratere, pedale inafungua hewa. Iko sahani ndogo mu bomba, papiyo, yenye kugeuka kama mulango wa dirisha. Ukikanyaga, papiyo inafunguka, hewa mingi inapita, mwendo unaongezeka mu shingo, na esanse inafuata yenyewe. Mu pikipiki ni kizibo chenye kupanda na kushuka, na kinabeba sindano ndefu yenye ncha: kikipanda, sindano inapanda nayo na kufungua njia ya esanse kidogo kidogo. Esanse ni mutumishi, hewa njo bwana.

Ralenti iko na njia yake ya pembeni, juu wakati papiyo imefungwa mupepo haupite vizuri mu shingo. Ile bisi ndogo mafundi wanageuza na kuskiliza, kichwa kikiwa pembeni kama mutu mwenye kuskiliza redio mbaya, ni ya pale. Na starteri? Asubuhi ya Juni na Julai, baridi yetu ya Katanga, esanse haipende kutoka mvuke. Starteri inapunguza hewa ao inaongeza esanse, ili hata kama nusu inabaki maji, ile nusu ingine itoshe kuwaka. Motere ikipata moto, rudisha. Niliona watu wenye kutembea na starteri wazi mpaka Lubumbashi, kisha wanatukana muuzaji wa esanse.

Gari za leo hazina tena hii chombo. Kule Ulaya, kuanzia mwaka 1993, gari mupya za esanse ziliombwa kuwa na katalizere mu bomba ya moshi, na katalizere inaomba kipimo cha hewa na esanse chenye hakika, kile kabiratere haiwezi kushika kila wakati. Ikaja enjeksio, na kompyuta yenye kupima. Lakini mu pikipiki mingi za wamanseba wetu, mu gurupe ndogo ya nyumbani, mu motopompi, kabiratere ingali inatawala. Iko bei chini, na inatengenezwa chini ya muembe bila kompyuta. Mimi siitukane.

Utajiri mubaya

Esanse ikipita kipimo, mafundi wanasema kwa Kifaransa «melanje ni riche», tajiri. Ikipunguka, ni masikini. Mu miaka yangu yote ya sandika ni pale tu nimeonaka utajiri wenye kuharibu mutu wa juu na kumuacha wa chini salama, lakini tuendelee.

Buji inasema yote. Ukiitosha na ina rangi ya kahawa yenye maziwa, motere inakula vizuri. Ikiwa nyeusi kama masizi ya makala, melanje ni tajiri: esanse inaingia, hewa haitoshe, inawaka nusu. Ikiwa nyeupe kama mufupa, ni masikini, na ile inachoma moto mukali, inaweza kutoboa kichwa cha pistoni. Buji ya manseba wetu ilikuwa nyeusi mpaka fundi akajipaka mukono.

Sababu ya kwanza hakuna mutu wa kumushitaki: ni mulima. Kipushi iko karibu metre 1,300 juu ya bahari. Hapa hewa ni nyepesi: nguvu yake imepunguka kwa karibu sehemu 14 mu 100 kuliko kule pwani. Kabiratere yenye kuregliwa mu muji wa chini, ikifika hapa, inaendelea kutoa esanse karibu kama kule, lakini hewa yenye kuingia ina uzito mudogo. Basi melanje inakuwa tajiri bila mutu kugusa bisi. Fundi mwenye akili anashusha sindano kipimo kimoja ao anatia jiklere ndogo zaidi. Fundi asiyejua anasema: «Pikipiki za siku hizi ni mbaya.»

Sababu ya pili ilikuwa filtre ya hewa. Vumbi nyekundu ya kiangazi iliijaza mpaka ikawa kama tofali. Motere ilikuwa inapumua kama mutu mwenye kufunikwa kinywa.

Lakini sababu ya tatu njo ilimukasirisha fundi. Alishika jiklere, akaiangalia mu jua, akaniita niangalie. Tundu haikuwa tena mviringo. Mutu mumoja alikuwa ameisafisha kwa waya ya chuma! Shaba ile ni laini, chuma inaikata, tundu inapanuka, na kuanzia siku ile kila metre ya njia unamwaga esanse. «Nani alikufanyia hii?» Manseba aliangalia chini. Alijifanyia mwenyewe, siku moja ya mvua, pembeni ya barabara. Jiklere inasafishwa kwa kupuliza, ao kwa uzi wa plastiki wenye kulainika, na esanse safi. Waya, hapana. Jiklere mupya bei yake ni ndogo kuliko esanse ya siku mbili zenye alikuwa anapoteza.

Mu kive mulikuwa pia tone la maji, linatembea chini kama zebaki. Esanse ya chupa, bei ya mupaka, unajua wenyewe. Maji ni nzito kuliko esanse, inalalaka chini, na chini njo jiklere inakaa. Nunua ile unaweza kununua, siwezi kukuhukumu na mishahara hii, lakini iache itulie mu chupa nyeupe dakika 10, uangalie chini, na umwage mpaka inabaki kidole kimoja. Chini ya kive kuko bisi ya kutoa uchafu. Ifungue kila mwezi.

Kile kisichoonekana

Wakati huu wote kijana krezere alikuwa anaskiliza bila kusema. Fundi alifungua kabiratere ya motopompi, akaisafisha, akasema ni nzima, itatoa moshi kidogo tu. Kijana akafurahi. Hapo njo niliingia.

Nikamuuliza: «Mwanangu, motere munaiweka wapi?»

«Kule chini, Baba delege. Pembeni ya maji.»

«Urefu gani?»

«Metre kama 20.»

Nataka wasomaji wafahamu vizuri kwa nini moyo uliniruka. Esanse yenye kupata hewa ya kutosha inawaka yote, inatoka mvuke wa maji na gazi karbonike. Esanse yenye kukosa hewa inawaka nusu. Inaacha masizi meusi, ile moshi tunaona na kukohoa. Lakini inaacha tena kitu kingine: monokside ya karboni. Hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha, haikohoze. Mutu akiivuta, inaingia mu damu na kushika nafasi ya oksijeni, na inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inatembea, lakini inabeba kitu cha bure. Hewa ikiwa na sehemu 1 tu ya ile gazi mu 100, mutu anaanguka haraka na kufa mu dakika chache. Na motere ndogo ya esanse, isiyo na katalizere, inaweza kuitapika sehemu 5 mu 100 ya moshi wake, na hata zaidi.

Kijana alisema: «Lakini Muzee ameiregle. Haitoe tena moshi.»

Hii njo mutego. Motere ndogo zenye kupozwa na hewa zinatengenezwa kwa makusudi zikule esanse kidogo kupita kipimo, sababu melanje masikini ingezichoma. Kwa hiyo hata ikiregliwa na fundi bora wa Lubumbashi yote, hata bomba ikitoa moshi usioonekana kabisa, monokside inatoka. Kuondoa moshi mweusi ni kama kutoa kengele ku shingo ya mbwa mukali. Mbwa amebaki.

Na mu shimo jambo linazidi. Kabiratere haina pua. Inapima mwendo wa hewa mu shingo yake, haijue kama ile hewa ni safi. Mukumbuke hesabu ya chumba: litre moja inakula litre 10,000. Shimo la metre 20, lenye upana wa mutu na mabega yake, halina hewa mingi kupita ile. Kisha muda mufupi motere inaanza kuvuta moshi wake yenyewe. Oksijeni imepunguka, esanse inaingia kama kawaida, melanje inakuwa tajiri zaidi, monokside inaongezeka. Kila dakika ni mbaya kuliko ile ya mbele yake. Na mutu anakaa pembeni na kuona pompi inatumika vizuri.

Nitasema yangu, ili kijana asizanie ninamufundisha kutoka juu. Mwaka mumoja wa mvua, umeme ulikatika siku mingi kwetu. Tulikuwa na gurupe ndogo. Juu ya wezi, sikuilaza inje. Niliiweka mu koridori, mulango wa nyuma wazi kidogo. Usiku bibi alisema kichwa kinamuuma. Mutoto wetu wa pili alitapika. Nilisema: malaria. Nilikuwa hata natafuta vidonge kwa mwangaza wa ile gurupe. Mama jirani alikuja kugonga juu ya jambo lake lingine, tukatoka wote inje kumuskiliza, na kisha nusu saa kichwa ya kila mutu ilikuwa nyepesi. Ni pale nilifahamu. Malaria haitoke kwa kutoka inje. Mimi, delege, mwenye kusema juu ya usalama mu reunio kila mwezi. Hii habari sijaisemaka mbele ya watu mpaka siku ile chini ya muembe.

Sasa tusitukane wakrezere kama wapumbafu, nimeshaskia wakubwa wenye kufanya hivyo mu makiti yao. Kuko sababu motere inashuka mu shimo, na ni ile ile sababu esanse inapanda mu kabiratere. Pompi ya juu haivute maji. Inapunguza hewa mu tiyo, na hewa ya inje njo inasukuma maji ipande. Na nguvu ya hewa ina mupaka. Kule ku bahari inaweza kuinua maji metre 10 hivi, haipite. Hapa kwetu, kwa metre 1,300, haifike metre 9, na kwa kazi ya kweli, na tiyo zetu zenye kuvuja, ni 6 ao 7. Uweke motopompi yenye nguvu ya ndovu ku mulango wa shimo la metre 20, maji haitafika. Kijana alijaribu, tiyo ilijikunja tu. Basi walifanya kile kila mutu angefanya: walifunga motere kamba, wakaishusha. Lakini kusukuma maji kwenda juu hakuna ule mupaka. Kwa hiyo kinachoombwa kushuka ni pompi peke yake, ile ya umeme yenye kuzama mu maji, na gurupe inabaki juu, mbali na mulango wa shimo, mupepo ukibeba moshi upande mwingine. Iko bei. Najua.

Ku mugodi mukubwa wetu hakuna mutu anashusha motere ya esanse, na si juu ya huruma. Mugodi wa Kipushi ulianza mwaka 1924, ulilala mwaka 1993, uliamuka mwaka 2024, na puits 5 yake inapita metre 1,200. Maji yake inatolewa kwa pompi za umeme. Mashini zenye kutembea ku fondi ni za mazuti. Motere ya mazuti haina kabiratere: inakandamiza hewa peke yake mpaka inakuwa moto, kisha mazuti inapulizwa ndani. Hewa inazidi kila mara, kwa hiyo monokside ni kidogo sana. Na mazuti haitoe mvuke wenye kuwaka haraka kama esanse. Mvuke wa esanse ni muzito kuliko hewa, unalala chini ya shimo kama maji, unangojea sigara. Lakini ndugu wa ku fondi wasilale: mwaka 2012 wataalamu wa kansere wa Shirika la Afya Duniani waliandika moshi wa dizeli mu vitu vyenye kuleta kansere, na mu masomo waliyoangalia mulikuwa ya wachimbaji. Kwa hiyo ventilatere na vipimo vya hewa ni haki yetu, si zawadi. Nitarudilia hiyo siku ingine, sababu iko mu kaye yetu ya madai.

Sheria ya inchi inasema shimo la krezere lisipite metre 30. Kwa monokside, metre 5 inatosha. Kuko wenye kusema: tunashusha muchumaa, ukizimika tunatoka. Muchumaa unapima oksijeni, haupime ile gazi. Utawaka vizuri pembeni ya maiti. Kule Uingereza wachimbaji walikuwa wanabeba ndege kanari mu tundu mpaka mwaka 1986, juu ndege alianguka mbele ya mutu. Kitambaa mu pua hakisaidie kitu. Na mwenzako akianguka chini wakati motere ilikuwa inatumika, usimufuate. Ninajua ni neno gumu. Ndugu anashuka kumutafuta ndugu, wa tatu anashuka kuwatafuta wawili, na kila mumoja anavuta hewa ile ile. Kila mwenye kushuka afungwe kamba mbele ya kushuka, na wenye kubaki juu wavute bila kuingia.

Kijana aliniuliza: «Kama motere imezimwa, tunaweza kushuka mara moja?» Nilimujibu hapana. Gazi haiondoke kwa sababu motere imenyamaza. Shimo halina mulango wa nyuma. Lazima hewa safi isukumwe mpaka chini kwa tiyo na ventilatere, wakati murefu. Alikaa kimya. Kisha akasema kwamba mu juma iliyopita wawili wao walikuwa wanatoka na kichwa kuuma, na miguu kulegea, na PDG wa shimo aliwaambia ni njaa, akawanunulia mikate.

Fundi aliweka kabiratere ya motopompi mu mufuko wa plastiki, akaifunga, lakini hakumupatia. Aliishika mukononi. «Mwana, nikikurudishia hii, unaipeleka wapi?»

«Muzee, si mimi mwenye shimo.»

«Sikukuuliza shimo ni la nani.»

Waliangaliana hivyo. Mwisho tulikubaliana: kijana atamupigia PDG simu pale pale, na mimi nitasema naye. PDG alikuwa mukali mwanzo. Alisema watu wa sandika tushugulike na mishahara yetu. Nilimuhesabia ile chumba cha metre 2 kwa 2. Nilimuuliza wale wawili wa mikate majina yao ni nani, na kama anajua nyumba za mama zao. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ile pompi yenye kuzama inauzishwa bei gani.

Manseba aliondoka na jiklere mupya, filtre yenye kufuliwa, sindano imeshushwa kipimo kimoja. Siku ya tano alipita mbele ya nyumba na kuniinulia vidole viwili: litre mbili kasoro, Lubumbashi kuenda na kurudi, na anazania itashuka tena akiacha kuvuta starteri.

Kijana alinipigia jana magaribi. Motopompi iko juu, imelala chini ya bashi. PDG anatafuta pompi ya okazio Lubumbashi, hajapata. Kwa sasa wanatoa maji kwa bido na kamba, watu wanne kwa zamu, na kazi inaenda polepole sana. Alilalamika mikono inamuuma. Nilimuuliza kichwa je. Akasema kichwa hapana.